Daktari anataka kunikata mfupa wa mkono autie kidoleni. Nikubali?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nipo Morogoro, umri miaka 31. Jumapili huwa nacheza mpira, nakaa golini. Wiki saba zilizopita nilidaka shuti la karibu, mpira ukanigonga ncha ya kidole cha pete, mkono wa kulia. Kidole kilipinda kwa nyuma palepale, mwenzangu akakivuta kikarudi. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya, wakanipiga picha moja ya mbele, wakasema hakuna kilichovunjika, kimeteguka tu. Wakanifunga banzi kidole kikiwa kimenyooka, nikakaa nalo wiki tatu.

Banzi lilipotoka, kiungo cha kati kilikuwa kimevimba na hakikunji. Nyumbani wakanipeleka kwa mzee mmoja anayekanda. Alinivuta na kunichua kwa mafuta mara kadhaa, maumivu yakazidi. Mwishowe nimepata rufaa kwa bingwa wa mifupa. Yeye alipiga picha ya ubavu, akasema pingili ya kati imevunjika upande wa kiganja, zaidi ya nusu ya uso wake, na kiungo kimekaa nusu ndani nusu nje. Amenipa njia mbili: akigandishe kiungo kisikunje tena, au akate kipande cha mfupa unaoitwa hameti kwenye mkono wangu huohuo, akipachike kidoleni kwa skrubu.

Ndugu zangu wanasema mfupa ukishakatwa mkono hauna nguvu tena, na riziki yangu ni mkono huu. Naomba kujua: kwa nini picha ya kwanza haikuona kitu? Huko kutakakokatwa hakutaharibika? Kwa nini wasiniwekee kiungo cha bandia? Na nitakaa bila kazi muda gani?

Fundi wa Morogoro

JIBU

Ndugu Fundi, pole sana. Picha zako hatujaziona, lakini kwa maelezo yako bingwa amekupa njia zilizo sahihi. Kwa mtu wa umri wako na kazi yako, tena kidole chenyewe kikiwa cha pete, hiyo ya kupandikiza ndiyo ya kuanza nayo. Yapo masharti mawili: kichwa cha pingili ya kwanza kiwe bado na gegedu zima (ule utando laini unaoteleza, unaofunika mifupa inapokutana kiungoni), na ukuta wa mgongoni wa pingili ya kati uwe haujavunjika. Sharti moja likikosekana, kugandisha kunarudi mezani.

Tuanze na picha. Kidole kikipigwa kwa mbele, mdomo wa mfupa uliovunjika hufichwa na mfupa mzima ulio nyuma yake, hivyo picha huonekana safi. Inayofichua ni picha ya ubavu ya kidole kimoja peke yake, vingine vikiwa vimesogezwa visifunike. Hata hiyo ikipigwa kidole kikiwa kimeegemea kidogo tu, hudanganya. Chukua picha yako ya ubavu uitazame pale pingili mbili zinapokutana. Kiungo kilichokaa vizuri kina mwanya wa upana mmoja mwanzo hadi mwisho; kilichochomoka nusu kina mwanya unaopanuka kuelekea mgongoni mwa kidole, ukachora herufi V. Alama hiyo ni ndogo, na mtu akiwa hana habari nayo ataipita, na wiki zitakatika mgonjwa akiambiwa ameteguka.

Kichwa cha pingili ya kwanza kina vinundu viwili. Kitako cha pingili ya kati kina vishimo viwili vya kuvipokea, na tuta dogo katikati linalopita baina yake. Mdomo wa kitako hicho upande wa kiganja, pamoja na bamba gumu la nyuzinyuzi lililojishikiza hapo, ndio unaoizuia pingili isiteleze kwenda mgongoni. Mpira ukigonga ncha ya kidole, pingili ya kati husukumwa kwa nguvu dhidi ya vinundu, na mdomo huo hupondeka. Ikivunjika chini ya theluthi ya uso, mishikizo iliyobaki kwa kawaida hutosha, na banzi la mgongoni linalokizuia kidole kisinyooke kabisa huponyesha bila kisu. Kati ya theluthi na nusu ni eneo la mashaka. Ikizidi nusu, kila kidole kinaponyooshwa pingili hutoka. Kwa hiyo kukufunga kidole kikiwa kimenyooka kuliacha kiungo nje muda wote wa banzi, na kuchuliwa baada ya hapo kuliongeza msuguano kwenye gegedu ambalo sasa tunalihitaji. Usikubali mtu yeyote akivute tena kidole hicho.

Kukiacha kilivyo si njia. Pingili iliyotoka haitelezi mahali pake inapokunjwa. Hujikongoja juu ya ukingo wa mfupa, na ukingo huo husaga gegedu la vinundu kila siku inayopita.

Kugandisha nako si adhabu. Maumivu huisha, kiungo huwa imara, na kwa kidole cha shahada huenda ikawa ndiyo tiba bora. Kidole cha pete hugandishwa kikiwa kimekunjwa nyuzi 45 hadi 50. Tatizo lako ni plaizi. Nguvu ya kukamata mpini hutegemea sana kidole cha pete na cha mwisho, ambavyo lazima vijifunge mpaka kiganjani, na kidole kilichogandishwa hakifiki huko. Halafu kuna hesabu nyingine: upandikizaji ukishindikana, kugandisha bado kupo. Ukianza kwa kugandisha, umefunga mlango.

Sasa hameti. Weka kidole cha mkono wa kushoto mgongoni mwa mkono wako wa kulia, fuata mfupa mrefu wa kidole cha pete na wa kidole cha mwisho kurudi nyuma kuelekea kifundo cha mkono. Pale miwili hiyo inapoishia, chini ya ngozi kuna mfupa mmoja unaoipokea yote. Huo ndio hameti, mmoja kati ya mifupa minane midogo ya kifundo. Kwa kuwa unapokea mifupa miwili, uso wake una vishimo viwili na tuta katikati, umbo lilelile la kitako cha pingili yako iliyovunjika. Daktari Hill Hastings wa Indianapolis, Marekani, ndiye aliyeanzisha kutumia kipande chake kwa kazi hii, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2003 madaktari wa Cincinnati walichapisha matokeo ya wagonjwa 13: kiungo kilichotengenezwa kilikunja kwa wastani wa nyuzi 85. Kiungo kizima hukunja nyuzi 100 na ushei. Kwa majeraha yaliyochelewa kama lako, tegemea pungufu ya hapo, na kidole kinaweza kubaki na upungufu wa nyuzi 10 au 20 katika kunyooka. Kwa kazi ya fundi upungufu huo unavumilika. Cha muhimu kwako ni kukunja.

Chumba cha upasuaji mambo huenda hivi. Ganzi kwa kawaida ni ya mkono mmoja, sindano ikichomwa kwapani au karibu na mtulinga, wewe ukiwa macho. Wengine hupewa nusu kaputi. Juu ya mkono hufungwa mkanda wa kuzuia damu ili daktari aone vizuri. Ngozi hukatwa upande wa kiganja kwa mkato wa zigizaga, kwa sababu mkato ulionyooka ukivuka mikunjo ya kidole huacha kovu linalokivuta kibaki kimepinda. Ala ya kano za kukunja hufunguliwa katikati, ile mikanda miwili mikuu inayozibana kano mfupani ikiachwa bila kuguswa, kano husogezwa pembeni, ligamenti za pembeni, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, huachiliwa na bamba hubanduliwa. Kisha kidole hukunjwa kwa nyuma mpaka kiungo kifunguke kama bunduki ya kuvunjwa katikati inapofunguliwa ili itiwe risasi, nyuso zote mbili zikimtazama daktari.

Hapo ndipo uamuzi wa kweli hufanyika, maana picha ya eksirei haionyeshi gegedu. Akikuta vinundu vimesagika mpaka mfupa uko wazi, kupandikiza ni kazi bure: gegedu jipya litasagwa na mfupa ndani ya miezi michache. Kwa hiyo fomu ya ridhaa unayosaini iwe imetaja yote mawili, kupandikiza, na kugandisha kama hali itakutwa mbaya. Jadili jambo hilo kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa aliyekwishapigwa ganzi si wa kuulizwa afikirie upya.

Vinundu vikiwa vizima, vipande vilivyopondeka huondolewa na shimo husawazishwa liwe na kona za mraba. Hupimwa kwa milimita: upana, urefu, kina. Baada ya kupima ndipo mgongo wa mkono hukatwa. Anayechukua kipande kabla ya kupima anaweza kujikuta na kilicho kidogo, na akiba hakuna. Kipande hukatwa kwa msumeno mwembamba na patasi ndogo, kikiwa na milimita 1 au 2 za ziada, kisha huchongwa na kujaribishwa mpaka kikae. Upana wake wote ni kama sentimita 1. Hukazwa kwa skrubu mbili au tatu zenye unene wa milimita 1.0 hadi 1.5, bamba hurudishiwa mahali pake, na kidole hukunjwa na kunyooshwa chini ya eksirei ya humohumo chumbani kuhakikisha ile V haipo.

Kosa linaloharibu upasuaji huu kuliko yote ni kukilaza kipande bapa. Uso wa hameti hauna kina kama wa pingili, kwa hiyo lazima kiinamishwe, ukingo wake wa upande wa kiganja utokeze na kukikumbatia kichwa cha pingili ya kwanza. Bila mdomo huo kiungo kitachomoka tena hata skrubu zikazwe vipi. Kosa jingine ni skrubu ndefu inayotokeza mgongoni na kukwaruza kano ya kunyoosha. Mgonjwa huisikia kama kitu kinachochoma kila anaponyoosha. Skrubu za kipimo sahihi hazitolewi, unaishi nazo.

Na usishtuke ukiona picha ya baada ya upasuaji ina kama kijiwango, mfupa mmoja umeinuka kidogo kuliko mwingine pale vinapoungana. Gegedu la hameti ni nene kuliko la pingili. Daktari husawazisha gegedu kwa gegedu, kwa hiyo mifupa iliyo chini yake haiwezi kulingana, na eksirei huona mifupa tu.

Hofu ya ndugu zako kuhusu mahali pa kukatwa ina msingi, ila wameikuza. Hameti haitolewi yote. Huchukuliwa sehemu ya mgongoni ya uso unaopokea ile mifupa miwili. Upande wa kiganja, pamoja na ndoano yake ambayo mshipa wa fahamu wa kidole cha mwisho hupita karibu nayo, hauguswi. Kifuko cha kiungo hushonwa juu ya pengo. Kinachotokea kwa baadhi ya watu ni maumivu kiasi wanapokamata kitu kwa nguvu, hasa miezi ya mwanzo, au ganzi kwenye ngozi ya mgongo wa mkono upande wa kidole cha mwisho, kama tawi la mshipa wa fahamu linalopita hapo lilivutwa. Mifupa ya mkono kulegea na kuchomoka mahali hapo ni nadra, na mara nyingi hutokana na kipande kukatwa kwa kina kupita kiasi.

Kiungo cha bandia, hasa cha silikoni, kinafaa zaidi kwa mzee au mtu mwenye baridi yabisi ambaye mkono wake haufanyi kazi ngumu. Kwa kijana anayevuta nyaya, silikoni hukatika na kidole hulegea kwenda pembeni. Kipande chako mwenyewe kina seli hai. Mwili haukikatai, mfupa wake huunga kama mfupa wowote uliovunjika, na gegedu lake halitegemei damu, hulishwa na ute wa kiungo. Ute huo nao hupenya kwenye gegedu kiungo kinapokunjwa na kunyooka.

Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopoteza kidole kilichokwishatengenezwa vizuri. Mtu huona skrubu, anasema ngoja kwanza mfupa ushike. Wiki sita baadaye mfupa umeshika kweli, na kano nazo zimeshikana na kila kilicho jirani. Mazoezi huanza ndani ya wiki ya kwanza, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano, bandeji kubwa ikishapunguzwa. Utawekewa banzi mgongoni mwa kidole linalokizuia kisinyooke zaidi ya pale palipobaki nyuzi 20 au 30. Ndani ya banzi hilo unakunja kwa nguvu zako mwenyewe, mara 10 kila saa ukiwa macho, na unanyoosha mpaka uguse banzi, basi. Usitumie mkono wa pili kukisukuma.

Kuna zoezi moja linalosahaulika sana: shika pingili ya kati isicheze, kisha kunja ncha peke yake. Kiungo cha ncha hukakamaa kimyakimya wakati kila mtu anatazama kiungo cha kati, na kikishakakamaa ngumi haifungi hata kama upasuaji umefaulu. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo, hata usiku, juu ya mto. Uvimbe ukipungua polepole, bandeji nyembamba inayonata yenyewe huzungushwa kutoka ncha kurudi nyuma, si kwa kukaza. Mishono hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Banzi huachiwa kidogokidogo kuanzia wiki ya tatu au ya nne ili kidole kinyooke zaidi. Wiki ya sita hupigwa picha, na mfupa ukiwa umeunga, banzi la mchana linatupwa. Kama bado hakinyooki vizuri, huongezwa la usiku la kukinyoosha taratibu. Kubana mpira laini na kutumia bisibisi ni kuanzia wiki ya nane. Kuvuta nyaya kwenye bomba, kutoboa ukuta na kupanda ngazi ukijishika kwa mkono huo, hesabu miezi mitatu, na golini usirudi kabla ya miezi minne. Kazi ndogo za mkono wa kushoto unaweza kuzifanya mapema, lakini si kwenye laini yenye umeme: mkono wenye banzi na vidole visivyo na hisia kamili hautakutoa haraka panapotokea hitilafu. Tafuta mwenzako wa kushika kazi tangu sasa.

Rudi hospitali mara moja, usingoje tarehe, ukiona wekundu unaopanda, usaha, homa, au maumivu yanayopigapiga na kukunyima usingizi baada ya siku za mwanzo. Vivyo hivyo ukisikia kiungo "kimeruka" ghafla na kidole kikabadilika umbo.

Kuchelewa kwako si sababu ya kukata tamaa, maana upasuaji huu hufanyika hata kwa majeraha yaliyopitisha wiki sita, ila kila wiki inayoongezeka inalipwa na gegedu la vinundu. Wakati unasubiri tarehe, kidole kikae kimekunjwa kiasi, usikilazimishe kunyooka, na uendelee kukunja ncha pamoja na kiungo cha shinani ili kano zisikakamae. Pete usivae. Kama unavuta sigara, acha sasa. Hupunguza damu kwenye vidole na huchelewesha mfupa kuunga. Kama hujawahi kupima sukari, pima.

Unapozungumza na bingwa wako, muulize waziwazi kama amewahi kuufanya upasuaji huu au angependa kukuelekeza kwa mwenzake anayeshughulika na mikono zaidi. Si utovu wa adabu, na daktari mzuri hatachukia. Hospitali kubwa za rufaa kama MOI (taasisi ya mifupa) ya Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina mabingwa wa mifupa wanaoweza kukuelekeza. Uliza kama skrubu za milimita 1.3 au 1.5 zipo; vifaa vya mifupa mikubwa ndivyo vinavyojaa kabatini, na skrubu nene hukipasua kipande. Uliza nani atakayesimamia mazoezi na mara ngapi kwa wiki, na kama ni mbali, omba ufundishwe kabla ya upasuaji, si baada. Beba picha zako zote, pamoja na ile ya kituo cha afya. Na kwenye dirisha la bima ulizia skrubu kwa jina, kwa kuwa huenda zikatozwa kando na gharama za upasuaji wenyewe.